Kuiga mwale wa ioni nzito kwa kompyuta ya kawaida: fuata chaji, kokotoa kwanza kwa mkono

Uganda hakuna mashine ya kuchapua ioni nzito. Anayetaka kuiona kwa macho yake atapanda ndege hadi iThemba LABS karibu na Cape Town, au GSI mjini Darmstadt, Ujerumani, au Brookhaven kule Marekani, au CERN kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Lakini kazi nyingi ya watu wanaozijenga mashine hizo hufanyika mbali na sumaku. Hufanyika mezani, kwa kompyuta, miaka mingi kabla zege la msingi halijamwagwa. Kazi hiyo unaweza kuianza leo ukiwa kwenye chumba cha kupanga Wandegeya, na kompyuta mpakato ya mtumba na kifurushi cha data cha wiki.

Hatua zilizomo humu nimezifuata na kikundi kidogo cha wanafunzi wa fizikia. Tunasomeana kwa Kiswahili kwa sababu mmoja ametoka Arua, mwingine Busia, mwingine alivuka kutoka Bunia, na hiyo ndiyo lugha inayotukutanisha sote. Tuna kanuni moja ambayo siivunji: hakuna anayebonyeza kitufe cha kuendesha programu kabla hajaandika kwenye daftari namba anayotarajia kuiona. Kompyuta itakupa jibu hata ukiiuliza swali la kipuuzi, tena jibu lenye tarakimu 15. Daftari ndilo litakalokuambia kama jibu hilo lina maana.

Maandalizi

Unahitaji Python na maktaba ya numpy, basi. Baadaye utataka Xsuite, programu huria ya CERN ya kufuatilia chembe ndani ya mashine, lakini usianze nayo. Mtu anayeanza na Xsuite hupata grafu nzuri siku ya kwanza, na mwezi wa tatu bado hajui grafu hizo zinasema nini. Vitu vizito vipakue ukiwa chuoni. Vyuo vingi vyetu vimeunganishwa na mtandao wa RENU, na eduroam, Wi-Fi ya vyuo, itakuokolea pesa ya data.

Kuhusu umeme, jizoeze tangu siku ya kwanza kuhifadhi hali ya kazi kila baada ya mizunguko 1,000 kwa `np.save('wingu.npy', wingu)` (wingu ni kundi la chembe zako, tutaliumba hatua ya tatu), na uandike namba ya mzunguko uliofikia. Umeme ukikatika saa tano usiku, kesho unaendelea ulipoishia.

Hatua ya kwanza: ijue ioni yako

Ioni ni atomu iliyonyang'anywa elektroni. Namba mbili zinaitambulisha: A, yaani jumla ya protoni na nyutroni zake, na q, yaani chaji iliyobaki baada ya elektroni kung'olewa. Kaboni iliyovuliwa elektroni zote ina A ya 12 na q ya 6. Urani inayotumika GSI mara nyingi ina A ya 238 na q ya 28 tu, maana yake bado imebeba elektroni 64 kati ya 92. Tofauti hiyo kati ya ioni iliyovuliwa kabisa na ile iliyovuliwa nusu itatufuata hadi mwisho, kwa hiyo ishike.

Kitu cha kwanza cha kukokotoa ni kile ninachowaambia wanafunzi ni ukaidi wa mwale, yaani ni kwa kiasi gani mwale unagoma kupindwa na sumaku. Umemwona mtu wa boda aliyefunga mikungu sita ya matoke? Kwenye kona hawezi kukata kama yule asiye na mzigo, anahitaji barabara pana. Ioni nzito ni hivyohivyo: masi yake inaifanya igome, na chaji ndiyo mkono ambao sumaku inaushika ili kuivuta. Ukaidi ni momenta ikigawanywa kwa chaji.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua nishati kwa kila nyukilioni (yaani kwa kila protoni au nyutroni), uiite T, kwa vipimo vya MeV. γ ni nishati yote ya ioni ikigawanywa kwa nishati ya masi yake. Kisha:

γ = 1 + T / 931.5
momenta = A × 0.9315 × √(γ² − 1), kwa GeV/c
ukaidi = 3.3356 × momenta / q, kwa tesla-mita

Jaribu kaboni ya MeV 430 kwa kila nyukilioni. Hiyo ndiyo nishati ya juu ya kituo cha tiba ya saratani cha Heidelberg, Ujerumani, na inatosha kuifikisha ioni sentimita 30 hivi ndani ya mwili. Utapata γ ya 1.4616 na ukaidi wa tesla-mita 6.62. Sasa rudia kwa protoni ya MeV 220, ambayo nayo hufika karibu kina hichohicho, ukitumia masi ya protoni, 938.3, badala ya 931.5. Utapata 2.27. Mwale wa kaboni ni mkaidi karibu mara 3 kuliko wa protoni. Ndiyo sababu fremu inayozungusha mwale wa kaboni kumzunguka mgonjwa kule Heidelberg ina uzito wa tani 600 hivi. Nilipowaonyesha wanafunzi hesabu hii, mmoja wao ambaye nyumbani kwao kuna mgonjwa anayetibiwa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago aliuliza kwa nini tiba hii haijafika kwetu. Sehemu ya jibu ilikuwa imeshaandikwa kwenye daftari lake.

Hapa kuna mtego ambao mimi mwenyewe uliniibia wiki mbili. T ni nishati kwa kila nyukilioni, si nishati ya ioni nzima. Ukiona imeandikwa MeV 11.4 kwa kila nyukilioni kwa urani, nishati ya ioni nzima ni mara 238 ya hiyo. Niliwahi kuzichanganya, na mwale wangu ukawa mlaini ajabu. Nikabadilisha sumaku, nikabadilisha programu, kosa likabaki palepale. Siku niliyokokotoa ukaidi kwa mkono, nililiona kwa dakika tano.

Kwa urani yenye chaji 28 na nishati hiyo ya 11.4, ukaidi unatoka 4.14, na kasi ni 0.155 ya kasi ya mwanga. Andika namba hizi, tutazihitaji.

Hatua ya pili: jenga pete ya mfano

Sumaku za kupinda huuzungusha mwale kwenye pete. Sumaku za ncha nne huukusanya usitawanyike, lakini zina tabia moja inayosumbua: zikikusanya kwa upande wa mlalo, zinatawanya kwa upande wa wima. Kwa hiyo hupangwa kwa kupokezana, moja ya kukusanya, moja ya kutawanya. Jozi moja pamoja na nafasi zake huitwa seli.

Pete yetu itakuwa na seli 12, kila moja mita 6, mzingo wa mita 72. Si mbali na ukubwa wa pete halisi za tiba ya kaboni. Umbali wa fokasi wa kila sumaku ya ncha nne ni mita 2.5. Sumaku za kupinda zenye uga wa tesla 1.5 zitahitaji kipenyo-nusu cha mita 4.4 kwa kaboni yetu ya 6.62, jumla ya mita 27.7 za chuma, na mita 72 zinatosha kuzibeba. Kwa sasa nitaziacha nje ya hesabu. Kwenye mashine ndogo kama hii sumaku za kupinda nazo zinakusanya kidogo, na ukifika kwenye Xsuite utaona namba za mlalo zikisogea, lakini kwa kujifunza tuanze na kitu ambacho akili inaweza kukishika chote.

Kabla ya kompyuta, daftari. Pembe ya mtikisiko husema chembe inakamilisha sehemu gani ya mtikisiko wake ndani ya seli moja. Kwa seli ya aina hii, saini (sin) ya nusu ya pembe hiyo ni urefu wa seli ukigawanywa kwa mara nne ya fokasi: 6 / 10 = 0.6. Kwa hiyo pembe ya seli nzima ni digrii 73.74, kosaini yake 0.28, saini yake 0.96. Beta ya mwale, namba inayosema mwale utanenepa kiasi gani mahali fulani, ni mita 10 katikati ya sumaku ya kukusanya na mita 2.5 katikati ya sumaku ya kutawanya. Angalizo: wanafizikia hutumia beta hiyohiyo pia kwa kasi, na wengi hupotea hapo. Mimi nikisema beta nina maana ya unene wa mwale. Kasi nitaiita kasi.

Sasa msimbo:

```
import numpy as np
L, f = 6.0, 2.5
njia = np.array([[1, L/2], [0, 1]])
nusu_kusanya = np.array([[1, 0], [-1/(2*f), 1]])
tawanya = np.array([[1, 0], [1/f, 1]])
M = nusu_kusanya @ njia @ tawanya @ njia @ nusu_kusanya
print(M)
```

Matriki itakayotoka lazima iwe 0.28 na 9.6 juu, −0.096 na 0.28 chini. Ile 9.6 ni beta mara saini, 10 × 0.96. Zikilingana, pete yako ni sahihi. Zisipolingana, usiendelee hata hatua moja. Kokotoa pia kitambulisho (determinant) cha matriki: lazima kiwe 1 kamili. Kikiwa 1.0001, kila mzunguko unaongeza unene wa uongo kwenye mwale, na baada ya mizunguko 10,000 utakuwa unachunguza kosa lako huku ukidhani ni fizikia.

Pembe ya seli mara 12, ukigawanya kwa 360, inatoa 2.458. Hii ndiyo tuni: idadi ya mitikisiko ambayo chembe hufanya ikizunguka pete mara moja. Seli ningeziweka 10, tuni ingekuwa 2.048, karibu sana na namba nzima. Hapo kila kasoro ndogo ya sumaku ingeisukuma chembe kwa upande uleule kila mzunguko, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kila inaporudi, hadi igonge ukuta. Hiyo ndiyo rezonansi. Kuchagua tuni ni nusu ya kazi ya mbunifu wa pete.

Hatua ya tatu: umba wingu la ioni na ulizungushe

Huwezi kufuatilia ioni bilioni. Unafuatilia 10,000 zinazowakilisha zilizobaki. Emitansi, yaani eneo ambalo wingu linachukua ukilichora kwa mahali na mwelekeo, tuiweke milimita-miliradiani 5.

```
rng = np.random.default_rng(7)
n, beta, emit = 10000, 10.0, 5e-6
x = rng.normal(0, 1, n) * np.sqrt(emit*beta)
xp = rng.normal(0, 1, n) * np.sqrt(emit/beta)
wingu = np.array([x, xp])
for k in range(12*1000):
    wingu = M @ wingu
print(np.std(wingu[0]))
```

Jibu la daftari: kipeuo cha pili cha 5 × 10⁻⁵, milimita 7.07. Baada ya mizunguko 1,000 kompyuta iseme hivyohivyo, ikitofautiana kwa asilimia 1 hivi, kwa sababu chembe 10,000 za nasibu zina makosa ya nasibu ya kiasi hicho. Ukitaka kosa lipungue mara 10, chembe lazima ziwe mara 100.

Kisha haribu kwa makusudi. Badilisha beta kwenye wingu iwe 5, uache pete ilivyo. Chora unene kila seli. Utauona mwale ukipanda na kushuka kati ya milimita 5 na 10, tena na tena. Mwale umeingia na umbo lisilolingana na pete. Kwenye mashine halisi kupumua huko hakuendelei milele. Kasoro za sumaku huvuruga kupumua huko, na mwale unabaki mnene moja kwa moja. Mwanafunzi asiyefanya jaribio hili hajui kwa nini watu wa mashine hutumia siku nzima kurekebisha njia ya kuingizia mwale.

Mwendo wa mbele na nyuma ndani ya kishada cha ioni nitaupitia haraka. Jambo moja tu usilisahau kwa ioni nzito: huingia kwenye pete zikiwa na kasi ndogo. Kaboni ya MeV 7 kwa kila nyukilioni, kama inayoingia kwenye pete ya Heidelberg, ina kasi ya 0.122 ya mwanga. Ikifika 430 ina 0.729. Kwenye pete yetu ya mita 72 hiyo ni mizunguko 508,000 kwa sekunde mwanzoni na milioni 3.04 mwishoni. Masafa ya kichapuzi lazima yapande mara 6 sambamba na uga wa sumaku. Protoni zinazoingia LHC, pete kubwa ya CERN, tayari zinakaribia kasi ya mwanga, kwa hiyo miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili yake haikuelezi hili.

Hatua ya nne: ioni zinasukumana

Hadi hapa kila chembe imekuwa peke yake duniani. Kwa kweli zote zina chaji chanya na zinasukumana. Msukumano huo unapunguza nguvu ya sumaku za kukusanya, kwa hiyo tuni inashuka. Kiasi cha kushuka kwa chembe zilizo katikati ya kishada hutegemea q² / A, idadi ya ioni, emitansi, na kasi: mwale ukiwa wa taratibu, adhabu ni kubwa zaidi. Ndiyo maana tatizo huuma zaidi wakati wa kuingiza.

Fomula ni hii. Zidisha q² / A kwa 1.535 × 10⁻¹⁸, kisha kwa idadi ya ioni. Gawanya kwa 4π × emitansi × mraba wa kasi (kama sehemu ya kasi ya mwanga) × γ³. Mwishowe gawanya kwa kipimo cha kubanana kwa kishada, ambacho ni 1 kama ioni zimetapakaa pete nzima na hupungua kadiri zinavyobanwa. Kwa kaboni bilioni moja zilizotapakaa, kwenye MeV 7, tuni inashuka kwa 0.005. Si kitu. Kwa ioni bilioni 20 zilizobanwa kwa kipimo cha 0.4, inashuka kwa 0.24. Hicho si kidogo: tuni ya 2.458 inateremka hadi 2.22 kwa chembe za katikati, huku zile za pembezoni zikibaki karibu na mwanzo. Wingu zima linatandaza tuni zake kama shuka, na shuka hilo linafunika tuni za 2⅓ na 2¼, mahali ambapo rezonansi hukaa.

Iweke kwenye msimbo kwa njia nyepesi kwanza. Mwisho wa kila seli ongeza kwenye mwelekeo wa chembe kiasi cha 0.0252 mara mahali ilipo. Namba hiyo ni 4π × 0.241 / 12 / 10. Kokotoa tuni upya: kosaini ya seli inakuwa 0.401, na tuni 2.21. Makadirio ya daftari yalikuwa 2.217. Tofauti ndogo iliyobaki ni kwa sababu fomula ya daftari inachukulia mabadiliko ni madogo sana. Ukifika hapa na ukaelewa tofauti hiyo imetoka wapi, umeshaanza kuwa mtu wa fani hii.

Njia nyepesi inasukuma kila chembe kwa uwiano uleule. Wingu halisi lina msongamano katikati, kwa hiyo msukumano unadhoofika pembezoni. Njia bora ni kukokotoa uga wa umeme wa wingu lenyewe kila baada ya hatua fupi, kwa kuligawa eneo katika vyumba vidogo na kuhesabu chaji iliyomo ndani ya kila kimoja. Xsuite inafanya hivyo. Lakini tahadhari: chembe zikiwa chache kwa kila chumba, uga unakuwa na makelele, na makelele hayo yanaikuza emitansi polepole kana kwamba kuna rezonansi. Dawa ni kuendesha kazi ileile mara mbili, ya pili ikiwa na chembe mara nne. Kama ukuaji umepungua, ulikuwa wa kompyuta. Kama umebaki, ni wa mwale. Kazi hii kwenye kompyuta mpakato inaweza kukesha, kwa hiyo kumbuka `np.save`.

Hapa ndipo chaji inapoonyesha ubabe wake. Linganisha urani mbili. Iliyovuliwa hadi chaji 73 ina q² / A ya 22.4. Yenye chaji 28 ina 3.3. Kwa kiwango kilekile cha msukumano unaweza kuingiza ioni za chaji 28 karibu mara 7 zaidi. GSI waliipenda chaji 28 kwa mradi wao mkubwa wa FAIR kwa sababu hiyo, na pia kwa kuwa kila hatua ya kuvua elektroni hupoteza ioni nyingi njiani. Lakini uliona ukaidi wake: 4.14, wakati chaji 73 kwa nishati ileile ni 1.59. Ioni nyingi zaidi, sumaku kubwa zaidi. Na kuna bei ya pili, ambayo ndiyo hatua inayofuata.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu kugongana kwa ioni zenyewe kwa zenyewe ndani ya kishada, ambako hunenepesha mwale saa baada ya saa. Ukali wake kwa kila ioni hukua kwa mraba wa q² / A. Kwa ioni ya risasi (metali ya lead) ya LHC, yenye A ya 208 na q ya 82, hiyo ni mara 1,045 ya protoni. Ukitaka kuiga mwale unaohifadhiwa kwa saa nyingi, iweke. Kwa pete yetu ya mfano na mizunguko elfu kadhaa, iache.

Hatua ya tano: ioni inapobadilisha chaji

Hii ndiyo sehemu inayoitofautisha kazi ya ioni nzito na ya protoni. Protoni haina cha kupoteza. Urani ya chaji 28 ina elektroni 64, na ikigonga molekuli moja ya hewa iliyobaki ndani ya bomba, elektroni moja inang'oka. Sasa ina chaji 29. Momenta yake ni ileile, lakini ukaidi wake umeshuka kwa asilimia 3.4. Sumaku zinaipinda kupita kiasi, nayo inaelekea ukutani. Ikigonga ukuta inafukuza molekuli za gesi zilizonata pale, mamia au maelfu. Hewa ndani ya ombwe inaongezeka, ioni nyingine nyingi zinapoteza elektroni, nazo zinagonga. Mwale unaweza kujimaliza wenyewe kwa mnyororo huo. Ndiyo maana pete ya SIS18 ya GSI ilipakwa ndani utando wa metali unaofyonza gesi, na kuwekewa vizuizi vya kunasa ioni hizo kabla hazijafika ukutani.

Risasi kwenye LHC imevuliwa elektroni zote, lakini nayo hubadilika, kwa njia nyingine: miale miwili inapopishana, ioni moja inaweza kuokota elektroni iliyozaliwa hapohapo, ikawa na chaji 81. Hili hutokea zaidi ya mara 30 kuliko viini kugongana kweli. Ukaidi unapanda kwa asilimia 1.2, na mwale mwembamba wa ioni hizo unapiga sehemu moja ileile ya sumaku. Mwaka 2015 wataalamu wa CERN waliuelekeza kwa makusudi kwenye sumaku moja na kuifanya ipoteze hali yake ya kupitisha umeme bila ukinzani, ili wajue kikomo kiko wapi.

Turudi kwenye pete yetu na urani ya chaji 28. Tuanze na uwezekano wa kupoteza elektroni. Kwa mgandamizo wa milibari 10⁻¹¹ kwenye joto la kawaida, kila mita ya ujazo ina molekuli 2.4 × 10¹¹. Weka eneo la mgongano, yaani ukubwa wa kila molekuli kama shabaha ya ioni, kwa kujaribia tuseme mita za mraba 10⁻²¹. Ukipata thamani iliyopimwa kwa gesi yako, itumie badala yake. Zidisha namba hizo mbili na kasi ya ioni, mita milioni 46.5 kwa sekunde: uwezekano ni 0.011 kwa sekunde, umri wa mwale kama sekunde 90. Gawanya kwa mizunguko 646,000 ya sekunde, na ukiwa na chembe 10,000 utasubiri mizunguko karibu 5,800 kuona moja tu ikipotea. Kwa hiyo ongeza uwezekano mara 1,000 kwenye msimbo, na uandike juu kabisa ya faili, kwa herufi kubwa, kwamba umefanya hivyo. Atakayerithi faili lako atakushukuru.

Sasa ifuatilie ioni iliyobadilika. Ongeza namba ya tatu kwa kila chembe, delta, yaani tofauti ya ukaidi wake na ule wa mwale, ambayo ni 0 kwa chaji 28 na −0.0345 kwa chaji 29. Rudisha sumaku za kupinda: katikati ya kila nafasi ya mita 3 kati ya sumaku za ncha nne, ongeza kwenye mwelekeo delta mara 2π / 24. Daftari linasema nini? Njia mpya ya ioni yenye delta hiyo iko mita 2.84 mara delta kutoka katikati ya bomba, kwenye sumaku ya kukusanya. Hiyo ni karibu milimita 98 kuelekea ndani ya pete. Ioni haihamii huko kwa utulivu. Inaanza kutikisika kuizunguka njia hiyo. Kama ilibadilika katikati ya sumaku ya kukusanya, mwisho wa seli ya kwanza itakuwa milimita 98 × (1 − 0.28) kutoka katikati, yaani milimita 70. Bomba lenye nusu-upana wa milimita 60 limeshaipoteza, ndani ya mita 6 tu. Nimeacha ukweli kwamba sumaku za ncha nne nazo zinaivuta zaidi ioni laini; ukishapata 70, gawanya fokasi zote kwa 1.0357 kwa chembe za chaji 29 na uone namba inasogea kiasi gani.

Kagua ukuta kila nusu seli, si kila mzunguko, la sivyo utaandika ioni imekufa mbali na ilipofia. Kwa kila iliyopotea hifadhi umbali kutoka mwanzo wa seli, kisha chora grafu ya nguzo. Za kikundi chetu zilirundikana kwenye sumaku za kukusanya, kule ambako beta ni kubwa na njia ya chaji 29 iko mbali zaidi na katikati. Mwanafunzi wa Arua alinyanyua macho kutoka kwenye skrini akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo kizuizi kikae hapo?" Kikae kabla kidogo ya hapo, upande wa ndani wa pete, na ukingo wake uwe mbali na mwale wenyewe kwa angalau mara sita ya ile namba ya unene. Kwa emitansi yetu hiyo ni milimita 42. Weka 45, endesha tena, na uhesabu ni ioni ngapi kati ya 100 zimenaswa kabla ya kugusa bomba.